MUZIKI UNAOKUA KWA MWANGWI
Ukanda wa sumaku, vitanzi vya sauti na hesabu ya mrejesho

Mtu akisimama mbele ya jabali kubwa akapiga ukelele, baada ya kitambo kidogo husikia ukelele wake ukimrudia. Sauti husafiri hewani kwa mwendo wa takriban mita 340 kwa sekunde. Kwa hiyo jabali likiwa umbali wa mita 170, mwangwi hufika baada ya sekunde moja. Ili mwangwi uchelewe sekunde sita, jabali lingepaswa kuwa umbali wa mita 1,020, na katika safari ndefu kiasi hicho ukelele wa mtu hudhoofika mno. Je, itakuwaje iwapo tutajitengenezea jabali letu wenyewe, linaloweza kurudisha sauti baada ya muda wowote tuutakao, na kwa nguvu yoyote tuitakayo?

Jabali la namna hiyo lipo. Katika miaka ya 1960 wanamuziki walilitengeneza kwa vinasa sauti viwili na ukanda mmoja wa sumaku. Siku hizi hukaa ndani ya kisanduku kidogo kinachokanyagwa kwa mguu. Kwa kulitumia, mpigaji mmoja wa gitaa au saksafoni aweza kujenga mbele ya wasikilizaji muziki wa sauti nyingi unaoendelea kubadilika dakika hata dakika. Katika makala haya tutaeleza jinsi chombo hiki kinavyofanya kazi na hesabu inayokitawala. Tutaona pia jambo ambalo aghalabu husahaulika: kwamba uhai wa muziki huu hautokani na uwezo wa chombo kukumbuka peke yake, bali pia na uwezo wake wa kusahau.

Kutoka santuri hadi ukanda

Kurudiarudia sauti kwa mashine kulianza kabla ya ukanda kuenea. Mwaka 1948 mjini Paris, Pierre Schaeffer, mhandisi wa redio ya Ufaransa, alikuwa akifanya majaribio kwa santuri. Kwa kawaida mfuo wa santuri huzunguka kuelekea katikati kama ganda la konokono. Schaeffer alitumia mfuo uliojifunga, yaani mduara kamili, hata sindano ikawa inarudi pale pale ilipoanzia. Santuri iliyozunguka mara 78 kwa dakika ilimaliza mzunguko mmoja kwa sekunde 0.77 hivi, na kipande hicho cha sauti kikajirudia bila kikomo. Schaeffer aligundua kwamba msikilizaji wa sauti inayojirudia huacha kujiuliza imetokana na kitu gani, akaanza kusikiliza umbo la sauti yenyewe.

Ukanda wa sumaku ulirahisisha kazi hiyo. Fritz Pfleumer wa Ujerumani alibuni njia ya kupaka unga wa chuma juu ya ukanda mwaka 1928, na mwaka 1935 kampuni ya AEG ilionyesha kinasa sauti cha ukanda mjini Berlin. Ukanda waweza kukatwa kwa wembe na ncha zake mbili kuunganishwa, nao ukawa kitanzi. Kitanzi kikizungushwa mbele ya kichwa cha kusomea, sauti iliyomo hurudi kila mzunguko.

Hata hivyo kitanzi cha namna hii kina upungufu. Hurudia kilekile kilichonaswa. Hakiongezewi neno wala hakipungukiwi. Ni kama mtu anayesimulia hadithi moja kila jioni kwa maneno yaleyale. Ili muziki ukue, ilihitajika njia ya kuingiza sauti mpya ndani ya sauti ya zamani huku mpigaji akiendelea kupiga.

Mashine mbili, ukanda mmoja

Njia hiyo ilipatikana pia Paris, mwaka 1963. Terry Riley, mtunzi kijana kutoka California, alikuwa akitayarisha muziki wa mchezo wa kuigiza uitwao The Gift, akitumia kikundi cha mpiga tarumbeta Chet Baker. Riley alieleza aina ya mwangwi mrefu alioutaka, na fundi mmoja wa redio ya taifa akaupata kwa kutandaza ukanda mmoja kutoka kinasa sauti cha kwanza hadi cha pili. Riley aliuita mpango huo kikusanyaji cha wakati uliochelewa.

Mpango wenyewe ni huu. Mashine ya kwanza hunasa sauti ya ala juu ya ukanda. Ukanda hautunzwi kwenye gurudumu la mashine hiyo, bali hupita hewani mpaka mashine ya pili, ambayo kazi yake ni kusoma tu. Muda wa kuchelewa hupatikana kwa kugawanya umbali kwa mwendo:

muda = umbali kati ya vichwa viwili ÷ mwendo wa ukanda

Ukanda ukienda kwa mwendo wa sentimita 19 kwa sekunde, na umbali kutoka kichwa cha kunasia hadi kichwa cha kusomea ukiwa sentimita 114, muda ni 114 ÷ 19, yaani sekunde 6. Jabali la mita 1,020 limekuwa meza mbili zilizotengana kwa hatua moja na kidogo.

Lakini bado tuna mwangwi mmoja tu. Hatua ya pili ndiyo yenye siri. Waya huchukua sauti inayotoka mashine ya pili na kuirudisha kwenye mashine ya kwanza, ambako huchanganywa na sauti mpya ya ala, na mchanganyiko huo ukanaswa tena. Sasa sauti ya sekunde ya kwanza husikika tena katika sekunde ya 7, ya 13, ya 19, na kuendelea, kila mara ikiwa imejiunga na mambo mapya yaliyopigwa baada yake. Kitendo hiki cha kurudisha matokeo mwanzoni tutakiita mrejesho.

Riley alitumia kikusanyaji hiki katika matamasha yake akipiga saksafoni na kinanda, mengine yakiendelea usiku kucha. Pauline Oliveros, aliyefanya kazi katika kituo cha muziki wa ukanda kilichoanzishwa San Francisco mwaka 1962, alitunga kwa njia hiyo kazi yake I of IV mwaka 1966 huko Toronto. Kazi yote ilifanywa kwa mkupuo mmoja, bila ukanda kukatwa wala kuungwa baadaye, na mwaka 1969 alichapisha maelezo ya mbinu hizo ili watunzi wengine wazitumie. Mwaka 1972 mjini London, Brian Eno na mpiga gitaa Robert Fripp waliunganisha mashine mbili kwa mtindo uo huo. Matokeo yalitolewa mwaka 1973, na njia hiyo ikawafikia wasikilizaji wa muziki wa kawaida. Katika miaka hiyo hiyo mjini Kingston, Jamaika, fundi wa umeme na redio aliyejulikana kwa jina la King Tubby alikuwa akigeuza meza ya kuchanganyia sauti na mwangwi wa ukanda kuwa ala kamili ya muziki.

Hesabu ya mrejesho

Tuseme kimo cha wimbi la sauti ya kwanza ni 1. Katika kila mzunguko, sauti inayorudishwa huzidishwa kwa namba fulani tutakayoiita k, ambayo mpigaji huipanga kwa kitufe. Basi vimo vya sauti hiyo katika mizunguko inayofuatana ni:

1, k, k², k³, k⁴ …

Mwanafunzi wa hesabu ataona mara moja kwamba huu ni mfululizo wa kijiometri. Ikiwa k ni 0.5, mwangwi wa kumi una kimo cha karibu sehemu moja ya elfu, nao kwa kweli umetoweka. Ikiwa k ni 0.9, mwangwi wa kumi bado una kimo cha 0.35, nao wasikika vizuri. Ikiwa k ni 1, sauti haitoweki kamwe. Na k ikizidi 1, kila mzunguko ni mkubwa kuliko uliotangulia, mpaka ukanda unashiba sumaku, vikuza sauti vinafikia kikomo cha uwezo wao, na ukumbi unajaa mngurumo.

Sasa tuulize swali la pili. Mpigaji hapigi mara moja akanyamaza, anaendelea kupiga. Je, sauti itarundikana bila mwisho? Chukua hali mbaya kuliko zote: kila mzunguko anaongeza sauti ya kimo cha 1, na vilele vya mawimbi yote vinaangukiana. Jumla yake ni:

1 + k + k² + k³ + … = 1 ÷ (1 − k)

Kwa k ya 0.5, jumla haiwezi kupita 2. Kwa k ya 0.9, haiwezi kupita 10. Kwa k ya 0.95, haiwezi kupita 20. Kwa k ya 1 hakuna kikomo chochote. Haya si mambo ya daftarini tu. Kati ya 0.9 na 1 pana upana wa kuzungusha kitufe kidogo sana, lakini upande mmoja pana muziki uliotulia na upande wa pili pana fujo. Mpigaji aliye jukwaani, mkono mmoja kwenye ala na mwingine kwenye kitufe, anatawala mfululizo wa kijiometri kwa sikio lake.

Kila mzunguko huacha alama

Hadi hapa tumechukulia kwamba k ni namba moja kwa sauti zote. Ukanda haufanyi hivyo. Kila sauti inaponaswa upya, sauti nyembamba hupungua zaidi kuliko sauti nene, kwa sababu mawimbi yake yaliyoandikwa juu ya ukanda ni mafupi na ni magumu kusomwa kikamilifu. Tuseme, kwa mfano, kwamba sauti nene huzidishwa kwa 0.9 na sauti nyembamba kwa 0.7. Baada ya mizunguko kumi, sauti nene ina kimo cha 0.35, ilhali nyembamba ina 0.03 tu. Noti iliyoanza ikiwa kali na yenye kung'aa, sasa imekuwa laini na yenye kiza, kana kwamba inasikika kutoka chumba cha mbali.

Pamoja na hayo, mwendo wa ukanda hauwi sawasawa kabisa, na ukanda wenyewe huongeza mchakacho wake. Fundi wa redio angeyahesabu mambo hayo kuwa kasoro. Kwa mwanamuziki wa vitanzi, ndiyo yanayoleta mabadiliko. Sauti ya karibuni iko mbele, wazi. Ya zamani imerudi nyuma, imefifia. Msikilizaji anausikia wakati uliopita jinsi akili inavyoukumbuka: mambo ya leo kwa undani, mambo ya juzi kwa umbo lake tu.

Kuishi na yaliyopita

Chombo hiki humwekea mpigaji masharti ambayo ala ya kawaida haimwekei. Tuchukue muda wa kuchelewa wa sekunde 6 na k ya 0.8. Noti moja hupungua desibeli 1.94 kila mzunguko. Ili ipungue desibeli 40, yaani kufikia sehemu moja ya mia ya kimo chake, yahitaji mizunguko 21 hivi, ambayo ni kama dakika mbili. Maana yake ni kwamba mpigaji akitaka kubadili ufunguo wa muziki, ule wa zamani utaendelea kusikika chini ya mpya kwa muda wa dakika mbili. Hawezi kugeuka ghafula. Lazima ageuke kama nahodha wa jahazi lililosheheni, akianza kukata usukani mapema.

Hii ndiyo sababu muziki mwingi wa namna hii hujengwa juu ya noti chache zinazopatana, hushikilia noti ndefu, na hubadilika polepole. Wasikilizaji wengine hudhani ni mtindo tu wa watunzi. Kwa hakika ni matokeo ya fizikia ya chombo: kila noti inayopigwa lazima ipatane si na noti za sasa tu, bali na zote zitakazorudi.

Hali kadhalika mapigo. Wimbo wenye mapigo 120 kwa dakika una pigo moja kila nusu sekunde. Sekunde sita ni mapigo 12 kamili, na mwangwi utaangukia penye pigo. Lakini kwa mapigo 115 kwa dakika, sekunde sita ni mapigo 11.5, na mwangwi utaanguka katikati ya mapigo mawili. Mpigaji aweza kulitafuta jambo hilo makusudi, au likamharibia.

Na vipi kuhusu kosa? Noti isiyofaa ikishaingia haiwezi kuitwa irudi. Baada ya sekunde sita itasikika na watu wote. Mpigaji ana njia tatu: apunguze k na kukubali kupoteza pia mazuri yaliyokuwamo, angoje mpaka noti ififie, au aipigie noti nyingine za kuipokea, hata ionekane kwamba ilikusudiwa. Njia ya tatu ndiyo inayomtofautisha fundi na mwanagenzi.

Vitanzi vya urefu tofauti

Kuna njia nyingine ya kupata muziki unaobadilika, nayo ni kutumia vitanzi viwili au zaidi visivyolingana. Mwaka 1965 Steve Reich aliweka sauti ya mhubiri mmoja kwenye vitanzi viwili vinavyofanana, akavianzisha pamoja katika mashine mbili. Kwa kuwa hakuna mashine mbili zenye mwendo ulio sawa kabisa, kitanzi kimoja kilianza kuachwa nyuma kidogo kidogo, na katika pengo hilo ikatokea midundo ambayo hakuna aliyeitunga. Mwaka 1970 Reich alikwenda Ghana kujifunza upigaji wa ngoma, ambako mizunguko ya urefu mbalimbali hupigwa kwa pamoja na watu, bila mashine yoyote.

Mwaka 1978 Brian Eno alitoa Music for Airports, ambamo sehemu moja imejengwa kwa noti za waimbaji zilizowekwa kwenye vitanzi vya urefu tofauti. Hesabu yake ni ile ya Kigawe Kidogo cha Shirika. Vitanzi vya sekunde 4 na 6 hukutana tena baada ya sekunde 12. Lakini chukua vitanzi vitatu vya sekunde 23, 26 na 30: KDS yake ni 8,970. Havitarudi katika mpangilio wa mwanzo mpaka zipite saa 2, dakika 29 na sekunde 30. Kutokana na noti tatu, msikilizaji amepata muziki usiojirudia jioni nzima.

Kutoka ukanda hadi namba

Ukanda ulikuwa na gharama zake. Kwa mwendo wa sentimita 19 kwa sekunde, ukanda wa mita 366 humalizika kwa dakika 32, na meza mbili za mashine nzito si mzigo wa kubeba kila siku. Mwaka 1969 F. Sangster na K. Teer wa maabara ya Philips nchini Uholanzi walibuni saketi inayopitisha chaji ya umeme kutoka kapasita moja hadi nyingine, mithili ya watu waliopanga mstari wakipokezana ndoo za maji ya kuzimia moto. Chipu yenye hatua 4,096 za namna hiyo iliweza kuchelewesha sauti kwa sekunde 0.2 hivi.

Kisha zikaja namba. Mwaka 1983 ilitoka pedali ya Boss DD-2, iliyochelewesha sauti kwa kumbukumbu ya kidijitali hadi sekunde 0.8, na katika miaka ya 1990 vilipatikana vifaa vya vitanzi virefu zaidi, kama Lexicon JamMan na Echoplex Digital Pro. Utendaji wao waweza kufananishwa na masanduku ya posta yaliyopangwa kwa duara. Tarishi huzunguka bila kusimama. Katika kila sanduku hutoa barua ya zamani, huisoma kwa sauti, kisha huweka mpya. Muda wa kuchelewa ni muda wa kumaliza duara. Mrejesho ni kunakili sehemu ya barua ya zamani ndani ya mpya. Kwa kipimo cha santuri za kompakti, sauti hupimwa mara 44,100 kwa sekunde, na kila kipimo huchukua baiti 2. Basi sekunde sita zahitaji masanduku 264,600, au baiti 529,200.

Lakini namba zina tabia moja ambayo ukanda haukuwa nayo: nakala ya namba ni sawa na namba yenyewe. Ikiwa k ni 1, mzunguko wa elfu ni sawa kabisa na wa kwanza. Hapo tumerudi kwenye msimulizi wetu wa hadithi moja. Mpigaji huongeza tabaka juu ya tabaka, hakuna linalofifia, na baada ya matabaka machache pamejaa. Kilichobaki ni kuzima chombo na kuanza upya. Kwa sababu hiyo waundaji wengi waliacha kitufe cha mrejesho mahali pake, na baadhi yao wakaweka vichujio vinavyopunguza sauti nyembamba kila mzunguko. Kwa maneno mengine, walitumia hesabu kurudisha usahaulifu ambao ukanda ulikuwa nao kwa maumbile yake.

Majaribio ya darasani

1. Gawa darasa makundi mawili. La kwanza lipige kofi moja kila mapigo 5, la pili kila mapigo 7, mwalimu akihesabu kwa mwendo usiobadilika. Makofi ya makundi yote mawili yatakutana baada ya mapigo mangapi? Kwanza kokotoa, kisha sikiliza.

2. Chukua simu mbili zinazoweza kunasa sauti. Nasa sentensi fupi kwa simu ya kwanza. Icheze katikati ya chumba huku simu ya pili ikinasa kutoka mwisho wa chumba. Kisha cheza kwa ya pili, nasa kwa ya kwanza, na endelea hivyo mara kumi au zaidi. Maneno yatapotea polepole, na zitabaki zile sauti ambazo chumba na simu zenyewe huzipendelea. Mtunzi Alvin Lucier wa Marekani alijenga kazi nzima juu ya jambo hili mwaka 1969, akitumia vinasa sauti vya ukanda.

3. Chombo kina muda wa kuchelewa wa sekunde 4 na k ya 0.5. Noti itachukua muda gani kupungua desibeli 40, ikiwa kila mzunguko hupunguza desibeli 6? Linganisha jibu lako na mfano uliotolewa hapo juu, kisha eleza ni chombo kipi kinachomfaa mpigaji apendaye kubadilisha ufunguo mara kwa mara.

Wenye vifaa halisi wazingatie tahadhari moja: waanze na kitufe cha mrejesho kikiwa sifuri na sauti ikiwa ndogo, kwani k ikipita 1 mngurumo huweza kuumiza masikio na kuharibu spika kabla mtu hajawahi kunyosha mkono.

Mwalimu wa hesabu, mwalimu wa fizikia na mwalimu wa muziki mara nyingi hufundisha wanafunzi wale wale bila kukutana. Mfululizo wa kijiometri, mwendo wa ukanda na noti inayofifia vyaweza kuwakutanisha katika kipindi kimoja. Mwanafunzi aliyesikia kwa masikio yake tofauti kati ya 0.9 na 1 hatahitaji kukariri ni lini mfululizo una kikomo na ni lini hauna.